Barua za Washington Zinazotutaja, na Mashine Inayotaka Kutusomea

Mei 2024, Rais William Ruto akiwa mgeni wa Ikulu ya Marekani, Rais Joe Biden aliliandikia Bunge la nchi yake barua fupi. Ndani yake alisema anakusudia kuipa Kenya hadhi ya mshirika mkuu wa kijeshi aliye nje ya NATO. Sheria ya huko inamlazimu rais kuliarifu Bunge kwa maandishi siku 30 kabla ya kutoa hadhi hiyo. Siku zikapita, na Juni 24 hadhi ikatangazwa rasmi. Huku kwetu habari hiyo haikupata nafasi ya kuzungumzwa sana, maana siku iliyofuata ilikuwa Juni 25, na kila Mkenya anajua siku hiyo ilikuwaje.

Barua ya namna hiyo huitwa mawasiliano rasmi kwa Bunge. Si mswada wala hotuba, na hakuna anayeipigia kura pale inapofika. Ni karatasi inayotoka kwa rais, kwa wizara, kwa shirika la serikali, kwa bunge la jimbo au hata kwa raia mwenye ombi, ikaingia kwa karani, ikapewa namba, ikaandikiwa sentensi moja ya muhtasari na kupelekwa kwa kamati. Siku ya pili muhtasari huo unachapishwa nyuma kabisa ya kumbukumbu za Bunge, mahali ambapo hata wabunge wenyewe hawafiki.

Na ziko nyingi mno. Tangu sheria iliyopitishwa 1996, kila kanuni inayotungwa na shirika la serikali kuu ya Marekani lazima ipelekwe kwa mabaraza yote mawili, la Wawakilishi na Seneti, na kwa mkaguzi mkuu wa hesabu, kabla haijaanza kufanya kazi. Kwa hiyo amri ya kukagua sehemu fulani ya ndege, kanuni ya msimu wa uvuvi, na tangazo la silaha zinazotaka kuuzwa ng'ambo, zote zinakaa kwenye foleni moja. Anayetafuta ile barua moja inayotaja Kenya ni kama anayechambua mchele usiku bila taa.

Hapo ndipo mashine inapoingia.

Septemba 2022 Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua rasmi mlango wa data wa tovuti yake ya Congress.gov. Mtu yeyote, hata akiwa Kongowea, anaweza kuomba ufunguo bila malipo na programu yake ikauliza maswali mpaka 5,000 kwa saa. Kuna mlango wa miswada, wa wabunge, wa kamati, wa mikataba, wa wateule wa rais, na kuna milango miwili ya mawasiliano haya ninayoyasema, mmoja wa Wawakilishi na mwingine wa Seneti. Kisha Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa utaratibu uitwao MCP, ambao ni namna moja ya kuunganisha akili unde na vyanzo vya nje. Mwaka uliofuata washindani wake, OpenAI na Google, nao wakaukubali. Watengenezaji programu hawakuchelewa kuunganisha hayo mawili. Leo wakala wa akili unde anaweza kupewa zana ya kuingia kwenye daftari la karani wa Bunge la Marekani na kuleta barua kwa namba yake.

Nifafanue kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani akili unde ni ile tunayoiandikia maswali kwenye simu na kujibiwa. Hiyo ya kawaida hujibu kutokana na ilivyofundishwa zamani. Ukiiuliza ni barua gani iliyofika jana, haina habari, na kwa bahati mbaya haioni haya kubuni. Wakala ni kitu kingine. Yeye hupewa kazi na hupewa zana. Akiulizwa juu ya Kenya, anatunga ombi, analipeleka kwenye mlango wa data, anapokea orodha, anachuja, anaomba tena, halafu ndipo anaandika jibu. Tofauti yao ni kama ya mtu anayekuhadithia bei ya samaki kwa kukumbuka ya mwaka juzi na mtu anayetoka akaenda hadi sokoni kuuliza.

Zamani barua ikifika kwa bibi asiyejua kusoma herufi za kizungu, aliitwa mtoto wa shule aje aisome. Mtoto huyo alikuwa na madaraka makubwa. Aliweza kuruka mstari, kulainisha neno, au kusema "anakusalimu" pale barua ilipoandika "anadai pesa zake". Wakala wa akili unde ndiye huyo mtoto, na sisi ndio bibi. Kabla hatujamkabidhi barua, ni haki yetu kuuliza anasoma vipi.

Kwanza tuulize kama kuna haja ya kusoma yenyewe. Wapo watakaosema Bunge la Washington lina mambo yake na Pwani ina yake. Mimi sikubaliani nao, na nina mifano.

Januari 2017, siku za mwisho kabisa za utawala wa Barack Obama, Bunge la Marekani liliarifiwa juu ya uwezekano wa kuiuzia Kenya ndege 12 aina ya Air Tractor AT-802L, pamoja na silaha na huduma, kwa makadirio ya dola milioni 418. Haukuwa mjadala wa Bunge letu uliolianika jambo hilo hadharani. Ilikuwa ni karatasi iliyotakiwa na sheria ya Marekani. Mbunge wa North Carolina, Ted Budd, akainuka kuhoji kwa nini kampuni ya jimboni mwake, IOMAX, ilirukwa, na akataka uchunguzi ufanywe. Kelele zikavuka bahari mpaka Nairobi. Pesa ambazo zingelipwa ni za mlipakodi wa Kenya, lakini hesabu yake ilisomwa kwanza kule.

Au chukua Manda. Januari 5, 2020 al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay, kaunti ya Lamu, na Wamarekani watatu wakauawa. Watu wa Lamu wanaishi jirani na kambi hiyo, wanasikia ndege, wanaulizwa vitambulisho, na wavuvi wanajua ni wapi hawaruhusiwi kupita. Lakini ukitaka maandishi rasmi ya kwamba wanajeshi wa Marekani wako Kenya na wanafanya nini, mojawapo ya mahali pa kutazama ni barua ambayo rais wa Marekani huliandikia Bunge lake kila miezi sita, kwa mujibu wa sheria ya mamlaka ya vita ya 1973. Katika barua hizo Kenya imekuwa ikitajwa, kwa mstari mmoja au miwili, kuwa ni mahali ambapo wanajeshi wao wanasaidia operesheni dhidi ya ugaidi Afrika Mashariki. Ni maneno machache, lakini yametiwa sahihi na rais.

Na biashara. Oktoba 2023 Biden aliliandikia Bunge kwamba anakusudia kuziondoa Uganda, Gabon, Niger na Jamhuri ya Afrika ya Kati katika mpango wa AGOA, ule unaoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Januari 1, 2024 zikatoka. Barua ilitangulia kwa siku 60, kama sheria inavyotaka. Wanawake wetu wanaoshona nguo katika viwanda vya ukanda wa mauzo ya nje hapa Mombasa wanafanya kazi ambayo mlango wake hufungwa na kufunguliwa kwa barua za namna hiyo. Siku 60 si nyingi, lakini kwa mwenye kiwanda, chama cha wafanyakazi au mama mwenye mkopo wa chama, ni bora kujua siku ya kwanza kuliko siku ya 59.

Kwa hiyo haja ipo. Wakala mwenye zana nzuri anaweza kuamka kila asubuhi, akapita kwenye foleni yote ile, akaacha za vipuri vya ndege na kuleta inayotutaja. Hakuna mwandishi wa habari wa Pwani mwenye muda wa kufanya hivyo kila siku, na hakuna chombo cha habari hapa chenye pesa za kumweka mtu Washington kwa kazi hiyo. Jambo lililohitaji ofisi nzima sasa linaweza kufanywa na kijana mmoja mwenye kompyuta na intaneti ya kukopa. Naliona hilo kuwa ni faida kubwa, na wala sitaki lifichwe na yale nitakayoyasema baadaye.

Kuna kisa kimoja ambacho wanasheria wa Marekani wanakijua wote, nasi hatukijui ingawa kinaanzia kwetu. Jagdish Rai Chadha alizaliwa Kenya kwa wazazi wenye asili ya Kihindi, akashika pasipoti ya Uingereza, na 1966 akaenda Marekani kusoma. Ruhusa yake ya kukaa ikaisha 1972. Kenya huru haikumhesabu kuwa raia wake, na Uingereza haikuwa na haraka ya kumpokea. Ni hali ambayo familia nyingi za Mombasa na Nairobi za wakati ule zinaikumbuka. Hakimu wa uhamiaji akamhurumia 1974, akasimamisha kufukuzwa kwake.

Lakini sheria ya wakati huo ilitaka mwanasheria mkuu wa serikali alipelekee Bunge taarifa ya kila aliyesamehewa, na baraza moja tu la Bunge lilitosha kuufuta msamaha huo. Taarifa ilikuwa na majina 340. Desemba 1975 Baraza la Wawakilishi lilichomoa majina 6 na kuagiza wenyewe wafukuzwe. Chadha alikuwa mmoja wao. Mahakama ya Juu, ilipokuja kuandika hukumu yake miaka mingi baadaye, ilieleza kwamba azimio hilo halikuwa limechapishwa, na wabunge wengine hawakuwa wamepewa walione kabla ya kulipitisha wala wakati wa kulipitisha. Hapakuwa na mjadala wala kura ya kuhesabu majina. Mtu akahukumiwa kuhamishwa nchi na watu ambao karatasi yake hawakuisoma.

Chadha alishinda. Juni 1983 majaji 7 dhidi ya 2 walisema baraza moja la Bunge halina mamlaka ya kufuta uamuzi wa serikali kwa namna ile, na hukumu hiyo ikatikisa vifungu vya namna hiyo vilivyokuwa katika sheria nyingi za Marekani. Chadha akabaki huko.

Nimekaa na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha pande zote mbili. Kama mwaka ule kungekuwa na wakala wa kusoma mawasiliano, jamaa zake Chadha wangeweza kujua siku ileile kwamba jina lake limo katika orodha iliyofika Bungeni, na wakili wake angetafuta mbunge wa kuuliza. Hilo lingekuwa jambo kubwa. Lakini zana hiyo isingewaambia kwa nini majina 6 na si 7, au nani aliyechagua. Hilo halikuandikwa kwenye taarifa. Lilikuwa vichwani mwa watu wachache wa kamati, na mwenye kulitafuta alihitaji simu na miguu, na mtu wa ndani aliye tayari kusema.

Hiyo inanileta kwenye mipaka, na mpaka wa kwanza ni ule ambao wasifiaji wa teknolojia hii huuruka. Kile ambacho mlango wa mawasiliano unampa wakala kwa kawaida si barua yenyewe. Ni bahasha. Anapata namba, tarehe, nani aliyetuma, sheria gani ilimlazimu kutuma, kamati gani imepokea, na sentensi moja ya muhtasari. Ripoti ya kurasa 80 haimo. Ripoti nyingi za lazima zimekuwa zikikaa kwenye makabati ya kamati kwa miaka, mpaka Desemba 2022 ilipopitishwa sheria ya kuzitaka ziwekwe mahali pamoja pa wazi, na mwaka mmoja baadaye mchapishaji wa serikali ya Marekani akafungua mkusanyiko wake. Hata hivyo yaliyo siri hubaki siri. Zile barua za miezi sita za mambo ya vita huja na kiambatisho ambacho umma hauoni, na ninadhani mambo ambayo mtu wa Manda angependa kuyajua zaidi yako humo.

Sasa mtazame wakala aliyepewa bahasha na kuambiwa aeleze barua. Mtoto mwaminifu atasema, "Bibi, hapa pana anwani tu." Mtoto mwenye kupenda sifa ataanza kutunga. Tumeshaliona hilo: Juni 2023 mawakili wawili wa New York na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizibuni tu, na majina yake, na namba zake. Zana ya kutafuta hupunguza ugonjwa huo, kwa maana wakala anapata kitu cha kushika, lakini haiuponyi. Namba ya barua inaweza kuwa ya kweli na maelezo yake yakawa ya kubuni, na mchanganyiko huo ni mbaya kuliko uongo mtupu, kwa sababu ukihakiki namba unakuta ipo na unaondoka umeridhika.

Mpaka wa pili ni maneno. Ile karatasi ya ndege za 2017 haikusema Marekani imeiuzia Kenya ndege. Ilisema kuna uuzaji unaowezekana. Kati ya "unawezekana" na "umefanyika" pana Bunge zima, pana Hazina yetu, pana mazungumzo ya bei, na pana uwezekano mkubwa kwamba jambo litaishia hapo. Kadhalika "nakusudia kuondoa" si "nimeondoa". Mashine inayofupisha hupenda kukata viungo hivyo vidogo, na inapohamisha kutoka Kiingereza cha kisheria kwenda Kiswahili hatari huongezeka, kwani Kiswahili kwenye intaneti ni kidogo na mashine imesoma kichache. Nyakati za vitenzi vyetu zinabeba uzito. Ukiweka "-me-" pahali pa "-ta-" umeanzisha uvumi, na uvumi wa silaha katika kaunti inayopakana na Boni si mchezo.

Mpaka wa tatu ni mgumu zaidi, na kwangu ndio unaovutia. Zana ya kutafuta inapata kilichopo. Lakini katika mambo ya serikali, mara nyingi habari ni ile barua ambayo haikutumwa. Marekani wenyewe wana mfano. Mwaka 2013 shirika lao la kulinda wateja wa mabenki lilitoa mwongozo juu ya mikopo ya magari bila kulipelekea Bunge, kwa kuuona kuwa ni ushauri tu. Miaka minne baadaye ofisi ya mkaguzi mkuu ikasema ule ni kanuni na ulipaswa kupelekwa. Kwa kuwa haukuwahi kupelekwa, saa ya Bunge ya kuupinga ilikuwa haijaanza kuhesabiwa, na Mei 2018 ukafutwa, mzee wa miaka mitano. Wakala aliyeulizwa "tafuta barua juu ya mwongozo huu" angerudi mikono mitupu na kusema hakuna kitu. Kumbe hicho "hakuna kitu" ndicho kilichokuwa kitu chenyewe. Ili aone hivyo, lazima apewe pia orodha ya kile kinachotakiwa kutumwa, na nani, na lini. Jambo zuri ni kwamba mlango ule wa data una orodha ya namna hiyo kwa Baraza la Wawakilishi, yaani orodha ya ripoti ambazo sheria inazidai. Wanaotengeneza zana hizi wakiiacha nyuma kwa kuwa haivutii, watakuwa wametengeneza nusu.

Basi na sisi?

Sisi tuna sheria ambayo kwa ukali inaizidi ile ya Marekani. Sheria ya mwaka 2013 inayosimamia kanuni zinazotungwa na mawaziri inamtaka waziri ahakikishe nakala ya kanuni yake inafika kwa karani wa Bunge ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa. Isipowasilishwa, inakoma kufanya kazi. Ifikirie hiyo. Kanuni ya uvuvi, ya bandari, ya muguka, ya ada ya leseni, inaweza kuwa imekufa kwa kukosa kupelekwa na watu wakaendelea kutozwa faini kwayo. Nani anahesabu siku hizo? Mawakili wachache, na pale tu mteja wao anapokuwa ameshashikwa.

Pwani inajua thamani ya karatasi iliyokosekana. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa sababu ya bandari mpya, na miongoni mwa kasoro ilizoziona ni kwamba wananchi hawakupewa habari walizostahili. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikabatilisha maagizo ya kulazimisha makontena yapande reli ya SGR, na hoja kubwa ikiwa ni kutoshirikishwa kwa umma. Kesi zote hizo zililiwa na miaka. Wakati mahakama inasema, madereva wa malori walikuwa wameshakosa kazi na vibanda vya chakula vya Miritini na Mariakani vimeshapungukiwa na wateja.

Vijana wa Kenya walishaonyesha njia. Juni 2024, kabla ya maandamano, kulitokea chombo kilichoitwa Finance Bill GPT. Mtu aliuliza mswada wa fedha unasema nini juu ya bidhaa fulani, kikajibu. Ilikuwa kazi nzuri, lakini kilikuwa kimelishwa hati moja. Tovuti ya Mzalendo nayo inafuatilia wabunge tangu 2005. Kinachofuata kimaumbile ni wakala anayeweza kufungua Hansadi, orodha ya karatasi zilizowasilishwa mezani, na gazeti rasmi la serikali, akahesabu zile siku 7 mwenyewe.

Akili unde si kikwazo. Kikwazo ni karatasi zetu. Hati nyingi za serikali zetu, na hasa za mabunge ya kaunti, huwekwa mtandaoni zikiwa zimepigwa picha tu, kurasa zimeinama, mihuri imefunika maneno. Nyingine haziwekwi kabisa mpaka umpigie mtu simu. Wakala hawezi kutafuta namba ambayo haijaandikwa. Na hapa inanibidi niseme jambo linalonichekesha na kuniuma kwa pamoja: kiwango cha kimataifa cha kuandika hati za mabunge ili mashine izisome, kiitwacho Akoma Ntoso, kilizaliwa katika mradi wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mabunge ya Afrika, ulioendeshwa kutoka Nairobi. Jina lake ni la Kiakan cha Afrika Magharibi, maana yake mioyo iliyounganishwa. Bunge la Ulaya likakichukua kwa kazi zake. Sisi tuliokuwa nacho mlangoni tungali tunapiga picha karatasi.

Sitaki kusikia kwamba kaunti haina pesa za mambo haya. Kile walichofanya Wamarekani, ukikitazama vizuri, ni kitu cha karani: namba, tarehe, aliyetuma, sheria iliyotajwa, kamati iliyopokea, sentensi moja. Hata meza ya mtandao ya kawaida inatosha. Bunge la kaunti ya Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River, Taita Taveta au Mombasa linaweza kuorodhesha kila karatasi iliyowekwa mezani wiki hiyo, kwa herufi zinazosomeka na si picha, na sentensi ile moja ikaandikwa kwa Kiswahili pia, kwa kuwa katiba imekifanya Kiswahili lugha rasmi sawa na Kiingereza. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya habari. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake kwa uwazi na kushirikisha umma. Hakuna mwakilishi wadi atakayehitaji kupitisha sheria mpya.

Na kwa wale vijana wetu wa programu, walioko Nyali kwa kazi za mtandaoni au walioko Dubai na Toronto na bado wanatuma pesa nyumbani: anzeni na zile barua za Washington zinazotutaja, maana mlango ule uko wazi leo. Tengenezeni wakala anayetafuta Kenya, Manda, AGOA na bandari. Mwambieni asiandike neno bila namba ya barua na tarehe kando yake. Mwambieni aseme wazi pale alipoona bahasha tu. Wekeni mtu mzima anayejua Kiswahili na anayejua sheria asome kabla ya kutuma kwenye magurupu ya WhatsApp, kwa sababu kikishaingia huko hakirudi. Kisha mje na kitu hicho mbele ya karani wa kaunti yenu, mumuonyeshe kwamba tunasoma orodha ya Bunge la Marekani kwa urahisi kuliko tunavyosoma yake, na mumuulize orodha ya kikao cha Jumanne iliyopita iko wapi.